Sura ya Saba: Kosa Lenye Bei

Mzee aliyekuwa nyuma ya meza pale Mji Mkongwe, Zanzibar, alikuwa ametandaza mali yake juu ya kanga kuukuu: senti za Mwingereza zenye tundu katikati, pesa za shaba za Sultani Barghash zenye mizani, rupia za Kihindi zilizolainika kwa kushikwa. Sarafu moja aliitenga, akaiweka ndani ya kifuniko cha chupa. Ilikuwa heller 20 ya mwaka 1916. Chapa yake ilikaa upande, taji limesogea ukingoni kama kofia ya mlevi.

"Shikamoo mzee. Na hii je?"

"Marahaba. Hiyo imekosewa, mwanangu. Hizi nyingine elfu thelathini, thelathini. Hiyo laki mbili."

"Kwa hiyo kosa ndilo linalopandisha bei?"

"Kosa halina ndugu. Ukiiacha hii, nyingine huipati."

Sikuinunua siku hiyo, lakini maneno yake nilirudi nayo Dar es Salaam, na kwa muda mrefu niliyaamini. Hesabu yake ilionekana nyepesi: sarafu nzima ziko tele, iliyokosewa iko moja, basi hiyo moja ndiyo ghali. Ilibidi nisome orodha nyingi za minada ndipo nikagundua kwamba mzee alikuwa sahihi nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu mfukoni.

Tuanzie kiwandani. Sarafu huzaliwa kwa vitu vitatu: kisahani kitupu cha metali, mihuri miwili ya chuma cha pua, na mashine inayovikutanisha kwa kishindo. Muhuri mmoja hubeba upande wa kichwa, na mwingine ule upande wa pili ambao Watanzania tumezoea kuuita mwenge, hata pale ambapo hakuna mwenge wowote. Kosa linaweza kupenya popote katika hivyo vitatu. Pengine kisahani ni cha metali isiyohusika, au kilikatwa kwa ajili ya sarafu nyingine. Pengine kisahani ni sawa ila kimekaa vibaya, chapa ikaangukia nusu ndani, nusu nje. Na pengine muhuri wenyewe ndio wenye kasoro, na hapo mambo hubadilika, maana muhuri mmoja hugonga sarafu maelfu kwa maelfu kabla ya kuchoka. Kosa la kisahani au la kugonga hutokea likapita. Kosa la muhuri huzaa.

Kwa hesabu ya mzee wangu, lile lisilozaa ndilo lingepaswa kuwa na bei. Soko linasema vingine. Senti ya Marekani ya miaka ya karibuni iliyogongwa upande, ambayo kwa hakika haina pacha wake popote duniani, mara nyingi hununuliwa kwa dola chache au makumi ya dola. Senti ya mwaka 1955 yenye maandishi pacha, ambayo ina ndugu zake zaidi ya 20,000, hata ikiwa imechakaa huuzwa kwa dola 1,000 hivi au zaidi.

Kisa cha hiyo ya 1955 kinastahili kusimuliwa polepole. Mihuri ya kazi haichongwi mmoja mmoja kwa mkono. Hukandamizwa kutoka kwenye muhuri mama. Enzi hizo mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kiliposhindiliwa mara ya kwanza kiligoma, kikawa kigumu, hivyo kilipashwa moto kilainike, kisha kikarudishwa kushindiliwa tena mahali pale pale. Neno "pale pale" ndilo lililokuwa na kazi ngumu. Katika kiwanda cha Philadelphia, muhuri mmoja ulirudishwa ukiwa umezunguka kidogo. Neno LIBERTY, tarakimu za mwaka na yale maandishi ya juu ya kichwa cha Lincoln vikajichonga mara mbili, kimoja kando ya kingine, kama unavyoona bango la barabarani ukiwa na machozi machoni.

Muhuri ule ulifungwa kwenye mashine na kugonga senti kama 40,000 kabla wakaguzi hawajashtuka. Kufikia hapo, zaidi ya nusu zilikuwa zimekwisha kumwagwa pamoja na senti nzima zipatazo milioni 10. Wakubwa wa kiwanda walikuwa na njia mbili: kuyeyusha shehena yote kwa ajili ya makosa machache, au kufumba macho. Walifumba macho. Senti kati ya 20,000 na 24,000 zenye kosa zikaingia mitaani.

Na ziliingiaje! Pakiti ya sigara kwenye mashine za kujiuzia ilikuwa senti 23, na mashine ilipokea robo dola. Kwa kuwa haikuweza kurudisha chenji, senti mbili zilichomekwa kabisa ndani ya karatasi ya nailoni iliyofunika pakiti. Hivyo wavuta sigara wa Massachusetts na wa maeneo ya juu ya jimbo la New York ndio waliokuwa wa kwanza kuzishika. Najiuliza ni wangapi walizitupia kwenye kibakuli cha mezani wakawasha sigara zao.

Kwa nini sarafu yenye ndugu 20,000 ishinde ile ya pekee? Jibu linapatikana kwenye albamu za wakusanyaji. Mtu anayekusanya senti za Lincoln hupanga mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka una kishimo chake. Senti ya 1955 yenye maandishi pacha ina jina, imo kwenye vitabu vya bei, na asiye nayo anaonekana kuwa na pengo. Pengo lile linamuuma yeye na maelfu wengine kwa wakati mmoja. Senti iliyogongwa upande haina kishimo katika albamu ya mtu yeyote. Ni kioja, utakionyesha kwa wageni, watacheka, mtaendelea na chai. Tena mwenye kuiuza hana pa kupimia bei, kwa kuwa hakuna nyingine kama ile iliyouzwa mwezi uliopita. Bei hupenda kuwa na jirani.

Kuna tofauti, bila shaka, na kubwa kuliko zote ni ya mwaka 1943. Vita vilikuwa vinakula shaba kwa ajili ya risasi na nyaya, na Marekani ikaamua mwaka ule senti zitengenezwe kwa chuma kilichopakwa zinki. Ziligongwa zaidi ya bilioni 1, zenye rangi ya kijivu ing'aayo. Ila visahani vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilikuwa vimejibanza kwenye vyombo vya kulishia mashine. Vikateremka pamoja na vya chuma, vikagongwa mwaka 1943. Leo zinazojulikana kutoka viwanda vyote vitatu vya nchi ile ni kama 20 tu.

Moja aliipata kijana wa miaka 16 huko Pittsfield, Massachusetts, mwaka 1947, ndani ya chenji ya chakula cha shuleni. Palikuwa na uvumi kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote atakayemletea senti ya namna hiyo. Kijana akauliza, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Serikali nayo ilimjibu kwamba senti zote za 1943 ni za chuma. Akaihifadhi hata hivyo, maisha yake yote, na mwezi Januari 2019, baada ya kifo chake, ikauzwa mnadani kwa dola 204,000. Hapa maneno ya mzee wa Zanzibar yanaelekea kutimia, lakini tazama kilichopo nyuma yake: senti hizi kila Mmarekani alikwisha kuzisikia tangu utotoni. Uchache wake ulikuwa na sifa iliyotangulia mbele, watoto wa shule walikuwa wanakagua chenji zao wakizitafuta.

Ya Denver, ambayo inajulikana moja tu, iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7. Mwaka 2021 sarafu ile ile ilinadiwa ikapata dola 840,000. Haikuchubuka wala haikupungua uzito katika miaka hiyo 11. Waliotaka ndio waliobadilika. Wanaoandika kwamba sarafu adimu "haishuki bei" wangepaswa kumtembelea aliyeinunua kwa ile bei ya kwanza.

Kushuka kwa bei kuna sababu ya kawaida zaidi, nayo ni haraka. Mwaka 2007 Marekani ilitoa sarafu ya dola 1 yenye sura ya George Washington, na sehemu ya maandishi ikahamishiwa kwenye ukingo, kazi iliyofanywa na mashine nyingine baada ya kugongwa. Sarafu nyingi ziliruka mashine hiyo zikatoka na ukingo mtupu. Wiki za mwanzo watu walilipa mamia ya dola kwa moja. Halafu zikaanza kujitokeza, maelfu baada ya maelfu, na leo makumi ya dola yanatosha.

Uingereza iliyapata ya kwake mwaka uliofuata. Sarafu zake zilibuniwa upya na Matthew Dent, na kwenye peni 20 mwaka ulihamishwa kutoka upande wa pili kwenda upande wa kichwa. Kiwandani mtu akafunga muhuri wa kichwa wa zamani pamoja na muhuri mpya wa upande wa pili. Wa zamani haukuwa na mwaka kwa sababu ulikuwa ukikaa kule. Mpya haukuwa nao kwa sababu ulikuwa umehamia huku. Sarafu ikatoka bila mwaka wowote, jambo ambalo halikuwa limetokea Uingereza kwa zaidi ya miaka 300. Sarafu ya namna hii, iliyozaliwa na mihuri miwili isiyooana, Waingereza huiita kwa jina la baghala, mtoto wa punda na farasi. Kampuni moja ya London ilitangaza kununua kila moja kwa pauni 50, na mtandaoni watu wakaziorodhesha kwa maelfu ya pauni. Kiwanda kikasema zisingefika 250,000. Zilizouzwa kweli, kinyume na zilizotangazwa, zimebaki karibu na ile bei ya pauni 50 hadi leo, ikipanda kidogo kwa iliyo safi. Anayetaka kujua thamani ya kitu chochote mtandaoni aangalie kilicholipwa; kilichoombwa ni ndoto ya muuzaji.

Chile ilikwenda mbali zaidi kwa vituko. Sarafu zake za peso 50 za mwaka 2008 ziliandika jina la nchi yenyewe vibaya, CHIIE, herufi L ikiwa imegeuka I. Zilipita mikononi mwa watu kwa muda mrefu bila mtu kusema neno. Mkuu wa kiwanda alipoteza kazi. Lakini sarafu zenyewe zilikuwa zaidi ya milioni 1, na kicheko peke yake hakilipwi sana.

Sasa tuje kwa upande unaoleta machozi. Ukimwonyesha mtu picha ya senti ya 1955, jioni hiyo hiyo atamwaga kopo lake la chenji mezani na kuanza kuona maandishi pacha kila mahali. Mengi ya hayo hutokana na muhuri uliolegea ukatikisika wakati wa kugonga, ukaburuza kidogo pembeni mwa herufi. Kivuli chake ni bapa, kimelala chini kama ngazi iliyokanyagwa, na hakina thamani. Pacha wa kweli ana herufi mbili zilizosimama, zenye unene na duara kila moja, na mahali zinapoachana kona hugawanyika wazi. Ukihitaji kukodoa macho ili uamini, tayari umepata jibu.

Yako pia yale yaliyoipata sarafu baada ya kutoka kiwandani: iliyolazwa relini ikapitiwa na treni, iliyoungua na nyumba, iliyotobolewa iwe kidani. Hayo ni majeraha, na majeraha hupunguza bei. Huku kwetu wengi huniuliza kuhusu tundu la senti za Afrika Mashariki. Tundu lile lilitobolewa kwa makusudi, kwenye mamilioni ya sarafu, na ambayo ingekuwa na bei ni ile iliyosahaulika kutobolewa.

Na penye bei hapakosi mghushi. Mwaka 1937, huko Denver, fundi alisugua muhuri wa sarafu ya senti 5 yenye nyati ili kuondoa mikwaruzo, akasugua na mguu wa mbele wa nyati. Nyati wa miguu mitatu akawa kipenzi cha wakusanyaji, na mara moja wakatokea watu wenye tupa waliokata miguu ya nyati wazima. Lakini muhuri uliosuguliwa uliacha alama nyingine ambazo tupa haiwezi kuziongeza, ikiwemo mstari wa vidoti vilivyoinuka kutoka tumboni kwenda chini, kama nyati anajisaidia. Mghushi anaweza kupunguza metali. Kuinua metali mahali ambapo haikuwepo ni kazi nyingine. Senti za shaba za 1943 nazo zina mtihani wa kwanza ambao hata mtoto anauweza: sumaku. Za bandia nyingi ni za chuma zilizopakwa shaba, na sumaku huzivuta. Zinazopita hapo hukaguliwa tarakimu ya mwisho, maana wajanja walichukua za 1948 wakakata upande wa kushoto wa 8 wakapata 3.

Ndiyo maana siku hizi sarafu ya bei kubwa haiuzwi kwa maneno matupu. Hupelekwa kwa kampuni za wapimaji, PCGS na NGC zikiwa ndizo zinazoaminika zaidi, ikapewa daraja kati ya 1 na 70 na kufungwa ndani ya plastiki. Wanaokutumia ujumbe kwenye simu kwamba watanunua shilingi yako ya zamani kwa mamilioni, ila utangulize kwanza ada ya usajili, hawamo katika biashara hii.

Afrika Mashariki ina baghala wake, naye ni mzuri. Edward VIII alitawala Uingereza kwa miezi isiyotimia 12 mwaka 1936 akajiuzulu kabla ya kutawazwa, na sarafu zenye jina lake zilizofika mikononi mwa watu zilikuwa za makoloni, zikiwemo senti 5 na senti 10 zetu zenye tundu. Mihuri ya senti 10 na ile ya peni ya Afrika Magharibi ya Mwingereza ilikuwa ikifanya kazi katika kiwanda cha Heaton, Birmingham, kinachojulikana kwa herufi H. Siku moja ikachanganywa: upande mmoja wa senti 10 ya Afrika Mashariki, upande wa pili wa peni ya Afrika Magharibi. Senti 10 ya kawaida ya mwaka ule unaweza kuipata kwa dola chache. Huyu baghala hutokea minadani kwa nadra, na bei yake ni mara nyingi ya hiyo. Ana jina, ana namba yake katika vitabu, na wanaokusanya sarafu za Edward VIII, ambao wako dunia nzima, wanamtafuta wote.

Basi na ile heller ya Mji Mkongwe? Hapa ndipo ilipo ile nusu ya kosa la mzee. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa katika koloni lao, meli za Uingereza zikifunga bahari, na fedha zikawaishia. Kwenye karakana ya reli huko Tabora walianza kugonga sarafu zao wenyewe kwa shaba na maganda ya risasi na mizinga, zikiwa na herufi T. Waligonga hata ya dhahabu, rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, vipande 16,000 na kidogo. Mwezi Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Neno hela tunalolitumia kila siku ni la heller hiyo hiyo, iliyoingizwa mwaka 1904.

Karakana ya reli si kiwanda cha sarafu. Heller za Tabora zilitoka zimepinda, zimegongwa kwa nguvu isiyo sawa, herufi zimefifia, chapa zimekaa kando. Aliyezoea kuzishika hashangai. Katika Philadelphia, ambako senti milioni zote hufanana kama mchanga, muhuri kuzunguka kidogo ni tukio. Katika Tabora, taji lililokaa kando ni hali ya hewa. Chapa ikikosa nusu nzima ya sarafu, hapo wapo watakaoongeza kitu. Ikisogea kidogo, wanaisamehe. Wanachokihesabu wakusanyaji wa Tabora ni mihuri: taji kubwa au taji dogo, mikia ya L mbili za neno HELLER imejikunja au imechongoka, na metali. Za shaba ya manjano ziligongwa zaidi ya 1,600,000. Za shaba nyekundu ni kama 300,000 tu.

Nilirudi Zanzibar baada ya miaka miwili. Mzee alikuwepo, na ile ya laki mbili ilikuwa bado ndani ya kifuniko chake cha chupa. Sikuigusa. Niliinamia lile fungu la elfu thelathini, nikazigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, nikaisugua moja kwa kidole gumba hadi wekundu wake ukajitokeza. Taji lilikuwa katikati, wima.

"Umechagua nzima?" akaniuliza, akiwa kama amenionea huruma.

"Nzima, mzee."

Nikampa elfu thelathini yake, na wala sikuomba apunguze.